Kulwa na Doto Wanaomba Kustaafu

Usiku wa jana niliota niko sebuleni kwangu, hapa Shinyanga, nafuma kitambaa cha kochi, na kompyuta ikapiga chafya.

Haikuwa chafya kubwa. Ilikuwa chafya ya mtu mstaarabu aliyeko kanisani. Nikasema pole, kama unavyomwambia mtu yeyote, nikaendelea kufuma.

Kabla sijaenda mbali nieleze habari za hiyo kompyuta, maana asiyeijua atadhani naongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Ni kompyuta ya mezani, ile yenye boksi la kusimama, na ndani ya boksi kuna diski mbili zinazotunza mambo yote ya familia. Baba Minza, mume wangu, alizinunua siku moja, duka moja, zikaja kwenye mfuko mmoja, mwaka ambao binti yetu Minza alimaliza kidato cha nne. Mama yangu alikuwa kwetu siku hiyo. Akauangalia ule mfuko, akasema hawa ni mapacha, na kwetu Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, hakuna mjadala. Baba Minza akachukua kalamu nene akaandika majina. Tangu hapo kila tunachokiweka kwa Kulwa tunakiweka na kwa Doto, ili mmoja akizima mwingine abaki nacho. Tukalala usingizi wa raha miaka yote hiyo.

Mama sasa ni marehemu. Lakini kabla hajaondoka alimwita kaka yangu Maduhu, akamwambia washa simu yako, nataka kumwachia Minza baraka za siku ya kuagwa, maana wanaume wa siku hizi wanachumbia polepole na mimi sina muda wa kuwasubiri. Maduhu akamrekodi. Mimi sikuwepo, nilikuwa Kahama nimepeleka vitambaa vyangu kwenye maonyesho. Simu yenyewe ya Maduhu ilikuja kutumbukia kwenye pipa la maji, kwa hiyo sauti ya mama imebaki sehemu mbili tu duniani, kwa Kulwa na kwa Doto. Sendofu ya Minza, ndiyo hiyo siku ya kuagwa, ni Jumamosi hii.

Na kuna kitu kimoja kwenye hiyo rekodi. Mama akimaliza baraka zake anauliza, "Imeingia?" Hakuna anayemjibu. Maduhu alikuwa anatafuta pa kubonyeza ili azime. Huwa nasikiliza mpaka hapo, na kila nikifika hapo naumia.

Sasa tangu Krismasi Kulwa alianza kugonga. Ka, ka, ka, halafu kimya. Baba Minza akaenda kununua diski mpya, akaniambia tuhamishe vitu mapema. Nikamwuliza, hii ya zamani inafanya kazi au haifanyi? Akasema inafanya. Basi iache. Jiko langu la mkaa nilikuja nalo siku naolewa na bado linaivisha maharage. Diski mpya ikawekwa juu ya kabati na plastiki yake. Kompyuta nikaifunika kitambaa changu kizuri kuliko vyote, cha uzi mweupe, chenye maua pembeni, kile kilichoshika nafasi ya kwanza Kahama. Kwangu kitu cha umeme hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa.

Haya, turudi ndotoni.

Kompyuta inapiga chafya ya pili, na sauti kutoka ndani inasema hodi.

Hapo nikasimamisha sindano. Hodi ninayoijua mimi inapigwa na mtu aliye nje. Hodi ya mtu aliye ndani anayetaka kutoka sijawahi kuisikia, na sikujua inaitikiwaje. Nikasema karibu, kwa kukosa neno. Ubavu wa boksi ukafunguka, akatoka mzee mwembamba amevaa kaunda suti ya kijivu, kifuani imeandikwa KULWA kwa mwandiko wa Baba Minza. Alikuwa anazunguka polepole pale pale alipo. Hakuwa na kizunguzungu, ndiyo kusimama kwake.

Tukatazamana. Tatizo likawa nani amwamkie nani. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na kitu, yeye kanunuliwa juzi juzi na risiti yake niliishika kwa mkono wangu. Lakini ana mvi. Akanieleza kwa upole kwamba mwaka mmoja wa kuzunguka bila kukaa chini haulingani na mwaka wa mtu anayefuma kwenye kochi. Nikampa shikamoo diski iliyonunuliwa kwa hela ya nyumba hii, naye akaitikia marahaba bila kuona haya.

"Mama Minza," akasema, "tunaomba kustaafu."

Nikamwuliza wanaomba yeye na nani. Akasema yeye na mdogo wake. Nikaanza kumbembeleza. Nikamwambia mzee wangu, wewe bado una nguvu, hata vijana hawazunguki hivyo, hebu vumilia mpaka Jumamosi, Jumapili nakustaafisha na keki juu. Akanikumbusha kwamba Krismasi nilimwambia avumilie mpaka Pasaka, na Pasaka nikamwambia mpaka mvua ziishe. Nikamjibu kwamba mvua zenyewe bado hazijaisha rasmi. Kulwa akagonga, ka, ka, ka, akashika ukuta. Ukuta ukawa wa hospitali.

Tuko kwenye foleni. Ni benchi refu, na wote waliokaa ni vitu vya nyumbani kwangu vilivyochoka: pasi, blenda, rimoti yenye mpira wa kufungia mgongoni. Mwisho wa benchi limekaa jiko langu la mkaa, limejitanda kanga. Lilipoona nimeliona likageuzia uso ukutani. Nikalisalimia, halikuitikia. Nilisikia aibu mpaka shingoni.

Daktari ni bisibisi. Ni bisibisi ya kawaida tu, ya kichwa cha nyota, ila ina urefu wa mtu na imevaa koti jeupe. Anaweka kichwa chake kifuani kwa Kulwa, anasikiliza, anatikisa mpini. Namwuliza mgonjwa wangu amebakiwa na muda gani.

"Anaweza kuzima leo," anasema Daktari Bisibisi, "na anaweza kukuzika wewe."

Nikamwambia dokta, hilo si jibu, mimi nina shughuli Jumamosi, nipe tarehe. Akasema tarehe haipo, na ingekuwepo watu wangeisubiri mpaka jioni yake ndipo waanze kukimbizana. Zipo dalili tu. Mgonjwa anagonga, akiitwa anachelewa kuitikia, ana homa. Kwa umri wake dalili moja ingetosha, yeye anazo zote. Kisha akachomoa kipimajoto kwapani mwa Kulwa, kikawa kimeyeyuka, akakifuta kwenye koti. Akaniuliza mgonjwa analalia nini na anajifunika nini.

Nikamjibu kwa fahari kwamba anajifunika kitambaa cha uzi mweupe cha nafasi ya kwanza. Akauliza kama kinapitisha hewa. Nikamwambia mishono yangu ni ya kubana, hakipitishi hata vumbi.

Bisibisi akatikisa tena mpini.

"Mama," akasema, "umemgubika blanketi mtu mwenye homa, na umelitia maua."

Hapo nikanywea. Lakini mimi si mtu wa kushindwa haraka, nikajitetea kwamba yupo Doto. Alichonacho Kulwa na Doto anacho, kwa hiyo kama Kulwa safari yake imefika, apumzike kwa amani, sisi tutaendelea na mdogo wake. Nilisema hivyo Kulwa mwenyewe akinisikia. Ndotoni mtu hana adabu. Mara nikasikia kikohozi upande wa pili wa benchi.

Doto yupo pale, amesimama. Suti ile ile, mvi zile zile. Kulwa akikohoa, Doto anakohoa. Kulwa akishika ukuta, Doto anashika ukuta wa upande wake. Daktari akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtu mgumu: hawa wametoka kiwanda kimoja siku moja, wamekaa nyumba moja, wamefanya kazi ile ile chini ya blanketi lile lile. Akataka kujua ni kwa sababu gani nilitegemea mmoja azeeke na mwingine abaki kijana.

Sikuwa na sababu. Miaka yote nililala usingizi kwa kutegemea sababu ambayo haikuwepo. Nikawaza sauti ya mama, hofu ikanishika kweli kweli. Nikasema tuondoke, twende nyumbani sasa hivi, nikafungua mlango wa daktari. Nje ya mlango ni ukumbi wa sendofu.

Ukumbi umepambwa, watu wamejaa, ni Jumamosi tayari. Nilitaka kulalamika kwamba Jumamosi imewahi, lakini kamati ilikuwa imeshakaa mezani na soda zimeshafunguliwa. MC ni feni ya kompyuta. Nilimjua kwa sauti, maana miaka yote nimemsikia akilalama chini ya kitambaa nikidhani ndivyo alivyoumbwa. Anaongea bila kituo, na kila akiongea mapambo ya mezani yanapeperuka. Anasema mabibi na mabwana, tupate hewa kidogo, na watu wanapata hewa. Anasema sasa inaingia ndafu, wote tusimame.

Siku hizi ndafu, yule mbuzi mzima wa kubanikwa, iko kila sendofu, hata kwetu Usukumani ambako zamani hatukuijua. Mlango ukafunguliwa, wapishi wakaingia wanacheza, wanasukuma meza ya magurudumu, na juu ya meza imelazwa kompyuta yangu, imebanikwa vizuri, ina jani mdomoni. Kitambaa changu bado kimeifunika mgongo. Wageni wakanong'onezana kwamba mishono ni ya kiwango. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Minza amekaa mbele na gauni lake la kijani. Ananipungia mkono. MC Feni anasema kelele zipungue, sasa ni zamu ya bibi mzaa mama kutoa baraka.

Kulwa, aliyekuwa karibu nami akizunguka kwa shida, akafungua vifungo vya suti. Kifuani mwake kuna dirisha. Ndani ya dirisha kuna ua, na uani amekaa mama yangu kwenye kigoda, amejifunga kile kitenge cha njano, anachambua mchele.

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nikamwita. Akainua uso, akaniambia nisubiri amalize ungo. Akamaliza, akajifunga kitenge upya, akaanza kuja dirishani, lakini haji moja kwa moja. Anaruka hapa, anazungukia pale. Ua wa kwa Kulwa una mashimo. Ni mengi, meusi, hayana chini, na wakati nikiangalia likafunguka jingine, ka, likaondoka na kuku mmoja. Mama akalitazama akasema huyo ni wa pili wiki hii.

Akafika dirishani, akashika kingo, akaanza baraka zake. Nazijua neno kwa neno. Mama anasema, Minza mjukuu wangu, nakuombea nyumba yenye kicheko. Lakini safari hii alisema, Minza mjukuu wangu, nakuombea nyumba yenye, halafu akanyamaza. Akaangalia miguuni pake. Kicheko kilikuwa kimetumbukia shimoni. Akasema jamani, kilikuwa hapa sasa hivi. Akarudia tena, ikatumbukia na nyumba. Akabaki anamwombea mjukuu wake kitu chenye kitu.

Minza akainamisha kichwa. Ukumbi mzima ukainamisha kichwa. Hata MC Feni alizima.

Nikamrukia Doto, nikamfungua vifungo bila kumwomba ruhusa. Dirisha lile lile, ua ule ule, mama yule yule, na mashimo yamejaa. Huyu mama wa kwa Doto kicheko anacho, amekikumbatia kifuani, nyumba anayo pia, lakini jina la Minza limemtoka. Anambariki binti mmoja hivi wa Mbuke. Mbuke ni mimi.

Kisha wale mama wawili wakaonana, kila mmoja dirishani kwake, na ugomvi ukaanza. Wa kwa Kulwa alisema yeye ndiye mama mwenyewe, yule mwingine ni nakala. Wa kwa Doto alisema nakala ni yule asiyejua anamwombea mtu nini. Wakanitaka mimi niamue, maana mimi ndiye niliyezaliwa. Niliona hatari ya jambo hilo. Nikawapa shikamoo wote wawili, kwa sauti moja, nikipiga magoti katikati yao.

"Mama Minza," Kulwa akaniambia, pumzi zikimpungua, "kwetu baada ya Kulwa na Doto anakuja nani?"

Hilo hata mtoto wa Kisukuma anayetambaa analijua. Anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Shija. Ukumbi mzima ulijibu, Shija. Kisha ukumbi mzima ukaniangalia mimi, kunitaka niseme Shija yuko wapi.

Kona ya ukumbi kulikuwa na kabati langu la sebuleni. Juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, amekaa mtoto mnene, mikono ameikunja kifuani, amenuna. Amekuwa huko tangu Krismasi. Akasema kwa sauti ya ndani ya plastiki kwamba kila siku anawasikia wazee wake wakigonga, nafasi anayo tele, na hakuna mtu aliyemfungulia. Na tena kwenye sendofu hii hakupewa kadi. Nikapanda kiti nikamshusha. Nikamwomba msamaha, nikamchania plastiki, nikampeleka kwa kaka zake wamsalimie. Kulwa akamshika mkono wa kulia, Doto akamshika wa kushoto, na wote walimshika sawasawa, maana ukimpendelea pacha mmoja umejitakia makubwa.

Shija akafungua kifua. Ndani mwake mna ua mpana, umefagiliwa, hauna shimo hata moja. Hauna hata kuku. Shida ikawa mama atafikaje huko. Daktari Bisibisi, ambaye naye alikuwa amealikwa na amekaa meza ya madaktari, akasema unahitajika waya. Waya uko wapi? Umebaki nyumbani. Kamati ikaanza kulaumiana. Kisha mmoja baada ya mwingine wakageuka kutazama mgongo wa ndafu, kitambaa changu kilipolala.

Nikasema hapana. Nilisema wazi, sikumung'unya. Kitambaa kile nimekifuma msimu mzima wa mvua, maua yake nimeyabuni mwenyewe, na hakuna kingine cha namna ile Shinyanga nzima. Nikasema atafutwe mtu mwenye kamba ya manila. Kwa Kulwa likafunguka shimo jingine, ka, na kigoda cha mama kikaondoka.

Ndipo wale mama wawili, waliokuwa hawajakubaliana jambo tangu waonane, wakasema pamoja.

"Mbuke, fumua."

Nikafumua. Kilifumuka upesi kuliko nilivyotaka. Ua moja likaisha, la pili likaisha, ukabaki uzi mrefu mweupe umejaa mapajani mwangu. Kompyuta pale mezani ikatema jani, ikavuta pumzi ndefu, na MC Feni akawaka tena kwa sauti nyororo ambayo sijapata kuisikia kwake. Nikafunga uzi kwenye kifungo cha Kulwa, nikaufunga na kwenye kifungo cha Doto, ncha nyingine nikaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wa Shija. Akacheka, kumbe ana mitekenyo.

Mama wawili wanapanda juu ya uzi. Wameinua vitenge, wanatembea kwa adabu, kila mmoja kwenye uzi wake. MC Feni anatangaza. Anasema imefika robo, watu wanapiga vigelegele. Anasema imefika nusu. Upande wa Shija mama anaanza kuonekana, kwanza ndala zake, kisha magoti, kisha kitenge. Anakuja mmoja tu. Pale alipopungukiwa wa kwa Kulwa anajaza wa kwa Doto, na alipopungukiwa wa Doto anajaza wa Kulwa, na ule ugomvi wa nani nakala hausikiki tena.

MC Feni akasema imebaki dakika moja. Dakika hiyo ilikaa. Wageni walikula, pilau ikapoa, ikapashwa moto, dakika bado ni moja. Mama alikuwa ameketi katikati ya uzi anapumzisha magoti. Kulwa anazunguka kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, mkono wake niliokuwa nimeushika unaunguza. Akaniuliza kama sasa anaweza kupumzika. Nikamwambia bado kidogo tu, mzee wangu, na safari hii si uongo.

Kisha mama akasimama, akamalizia njia, akaingia mzima. Kitu cha mwisho kuingia kilikuwa mdomo. Akapiga mguu chini kupima ardhi ya kwa Shija, akaona inashika. Akasema kwa sauti ile ile ninayoijua, "Minza, mjukuu wangu, nakuombea nyumba yenye kicheko. Vingine mtatafuta." Kisha akainua macho juu, kama anavyofanya siku zote.

"Imeingia?"

Ukumbi kimya. Maduhu yuko meza kuu, ameinamia simu, anatafuta pa kubonyeza. Najua hakuna atakayejibu, maana ndivyo ilivyo, nimesikiliza mara nyingi. Nikangoja iishe ili niumie kama kawaida. Ndipo nikakumbuka kwamba leo siko Kahama. Nipo hapa hapa, nimekaa mbele yake.

"Imeingia, mama," nikasema. "Imeingia yote."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kutafuta mahali pa kuweka kigoda. Kulwa na Doto wakakaa chini. Sikuwahi kuwaona wamekaa. Wakaacha kuzunguka kwa pamoja, mmoja akamwegemea mwingine, na MC Feni akasema tuwapigie makofi wazee wetu. Nilipiga makofi mpaka nikaamka, na Baba Minza akaniuliza namfukuza mbu gani.

Kulikuwa kunapambazuka. Nikaenda sebuleni. Kitambaa kilikuwepo juu ya kompyuta, kizima, maua yote mahali pake, na chini yake boksi lina joto la kuchemshia yai. Nikakiondoa, nikakikunja, nikakiweka kochini. Nikapanda kiti nikashusha diski mpya, nikaanza kuchana plastiki. Baba Minza akaja anafikicha macho, akauliza kuna nini tena. Nikamwambia tunastaafisha. Hakuuliza zaidi, ameshanizoea. Alileta waya wake, akaunganisha, tukaanza na sauti ya mama.

Kompyuta ikaandika imebaki dakika moja. Nikaenda jikoni, nikalisalimia jiko, nikachemsha chai, tukainywa yote, dakika bado ni moja. Ilipomalizika Kulwa akagonga, ka, na hakugonga tena. Baba Minza akamwekea mkono juu, akasema masikini. Doto tulimwacha atukabidhi picha na vingine, kisha naye tukamzima asubuhi hiyo hiyo, maana mapacha hawatenganishwi. Baba Minza akachukua kalamu nene akaniuliza huyu mpya tumwandike nani. Kabla sijafungua mdomo akacheka peke yake, akaandika SHIJA.

Minza alikuwa ameamka. Akasema hatumwamini mtoto mgeni bila kumsikia, tuwashe tuhakikishe. Tukawasha, tumekaa watatu kwenye kochi moja. Mama akasema yote. Kicheko kipo, nyumba ipo, Minza yupo. Minza akajifuta macho na kanga yangu. Kisha mama akauliza, "Imeingia?" na mimi nikanyoosha mkono kuzima, kama ninavyofanya siku zote ukimya ule ukianza.

Sikuwahi. Sauti ya mwanamke, karibu kabisa na mama, ilijibu, "Imeingia, mama. Imeingia yote."

Baba Minza akaweka kikombe chini. Minza akanigeukia taratibu.

"Mama, si ulisema siku ile ulikuwa Kahama?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa Kahama. Nikamwomba airudishe nyuma kidogo, tusikie tena.